KULIA KUMETOSHA, SONGENI MBELE!

Mazungumzo na vijana wa Soweto, Mbeya

Ndugu zangu vijana,

Sikuja kuwahubiria mbingu. Mbingu mmehubiriwa sana, tena kwa vipaza sauti mpaka usiku wa manane. Nataka tuzungumze juu ya tumaini, maana neno hili limechezewa mno. Mtu yuko kijiweni tangu asubuhi, ukimwuliza anasema anamtumaini Mungu. Hapana ndugu yangu! Huko ni kungoja basi kwenye stendi iliyokwisha kuhamishwa.

Wana wa Israeli walikuwa na bahari mbele, magari ya Farao nyuma. Wakamlaumu Musa: heri tungebaki watumwa Misri. Katika Kutoka, sura ya 14, Mungu alimwuliza Musa kwa nini anamlilia, akamwagiza awaambie watu waende mbele. Angalieni mpangilio: amri ya kutembea ilitoka wakati maji bado hayajagawanyika. Wahubiri wengi huruka hapo, wakaukimbilia muujiza.

Sisi nasi tuna bahari yetu. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Soko la Sido nalo likateketea mwaka 2011, na Novemba ya mwaka huo wamachinga na polisi wakapambana barabarani, mabomu ya machozi yakatanda mjini. Mwaka 2017 Sido ikaungua tena. Aliyeona mitumba yake ikigeuka majivu, kisha akaenda kukopa robota jingine, huyo hahitaji semina ya tumaini. Yeye ndiye mwalimu.

Wazee wetu walipita humo. Wamoraviani kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Waingereza waliwakamata wamisionari wale na kuwaondoa. Hapakuwa na mwenyeji hata mmoja aliyewekewa mikono kuwa mchungaji. Basi kanisa likafa? Wapi! Walioitwa wasaidizi ndio walioshika ibada, hawakungoja barua ya ruhusa kutoka Ulaya. Tazameni leo Wamoraviani walivyo wengi mji huu.

Sasa, wako wawili wa kuwaogopa. Mheshimiwa anayekuja wakati wa kura na kuwaambia mvute subira; na mtumishi anayewaambia mpande mbegu ya laki moja, Mungu atawashushia gari. Mmoja anakula kura, mwingine anakula sadaka, na wote wawili wanafurahi mkikaa palepale.

Mnasema, twende wapi? Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Siyo hisani ya kigogo. Undeni kikundi, andikeni barua, mkinyimwa ulizeni sababu kwa maandishi. Hiyo nayo ni sala, ila hii inasaliwa kwa miguu. Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za kukaza mwendo akiwa kifungoni, mwendo wenyewe hana!

Naishia hapo. Naona yule pale nyuma, mwenye toroli, amenyanyua mkono tangu nilipotaja riba. Karibu, kijana, uliza.