Saa Ndani ya Mashine ya Kupimia Saratani



Nimeombwa nizungumzie fani yangu, yaani vipimo vya picha hospitalini. Nimechagua kona moja ndogo: jinsi saa za mashine ya PET, ile inayopiga picha za saratani, zinavyosawazishwa, na kwa nini nataka kazi hiyo ifanywe na mashine yenyewe, bila kumsubiri fundi.

Mtu wa hapa Chiola, Nachingwea, akishukiwa kuwa na saratani, safari yake hupita hospitali za huku Kusini na mara nyingi huishia Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanza kama hospitali ya Wajerumani mwaka 1895. Kipimo cha PET hutumia sukari iliyoungwa na florini-18 yenye mionzi. Saratani nyingi hula sukari zaidi kuliko tishu za kawaida, hivyo mionzi hujikusanya penye uvimbe. Lakini florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Ipakie kwenye basi linalosafiri kwa saa 10 kutoka Dar es Salaam hadi hapa, itafika ikiwa imebaki chini ya sehemu moja ya arobaini. Kwa hiyo mashine hufungwa karibu na saiklotroni, mtambo unaotengeneza dawa hiyo, kama ilivyo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, tangu mwaka 2018. Dawa haiwezi kumfuata mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayeifuata. Mtu aliyeuza ufuta wake ili apate nauli na pa kulala hastahili kupewa picha yenye ukungu.

Ukungu huo hutoka wapi? Florini ikioza hutoa positroni, ambayo hukutana na elektroni na zote mbili kutoweka. Hapo huzaliwa miale miwili ya gama inayokimbia pande mbili zilizo kinyume, kila mmoja ukigonga fuwele katika duara linalomzunguka mgonjwa. Mwale uliozaliwa karibu na fuwele ya kulia hufika kulia mapema. Ukijua tofauti ya muda, unajua tukio lilitokea wapi kwenye mstari unaounganisha fuwele hizo mbili. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Sasa chukua fuwele moja ambayo saa yake imechelewa kwa pikosekunde 300, chini hata ya theluthi moja ya nanosekunde. Mashine itaamini kwamba tukio lilitokea sentimita 4.5 mbali na mahali pake. Uvimbe mdogo wa sentimita moja unaweza kufifia kabisa saa nyingi zikipotoka hivyo, na daktari akaambiwa pako safi.

Wakulima mnaliona jambo hili kwenye mizani ya AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika. Kabla ya korosho kwenda ghalani na mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kufanyika, Wakala wa Vipimo huikagua mizani, maana ikipotoka kidogo kwenye kila gunia, mkulima hupunjwa msimu mzima bila kujua. Mashine ya PET ina maelfu kwa maelfu ya mizani za namna hiyo. Ikiwa na fuwele 30,000, jozi zinazoweza kuundwa ni karibu milioni 450. Kila fuwele ina ucheleweshaji wake, unaotokana na waya, vipokea mwanga na saketi, na joto la chumba nalo huusogeza.

Njia ya zamani ni kuweka chanzo cha mionzi katikati ya duara, cha sodiamu-22 au jermaniamu-68, kukusanya matukio kwa muda mrefu, kisha kukokotoa saa ipi isogezwe na kwa kiasi gani. Ni njia nzuri, ila inadai mtaalamu awepo, na chanzo kiagizwe nje kwa vibali vya Tume ya Nguvu za Atomu. Jermaniamu hupungua kwa nusu kila siku 271, kwa hiyo huagizwa tena na tena.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa dhati. Fuwele za mashine nyingi za kisasa zina lutetiamu, na sehemu ndogo ya lutetiamu ya asili, aina ya 176, ina mionzi yake yenyewe. Nusu-uhai wake ni zaidi ya miaka bilioni 35, hivyo haiishi leo wala kesho. Atomu ikioza ndani ya fuwele A, elektroni hunaswa papo hapo, na mwale wa gama huweza kutoroka hadi fuwele B upande wa pili. Duara likiwa na kipenyo cha sentimita 80, safari hiyo huchukua takriban nanosekunde 2.7. Atomu nyingine huoza ndani ya B na mwale wake kupiga A. Ukichora tofauti za muda unapata vilele viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi. Saa zikiwa sawa, katikati ya vilele hivyo ni sifuri. Zisipokuwa sawa, umbali wa katikati hiyo kutoka sifuri ndio kosa lenyewe, na programu hulirekebisha. Chumba kinaweza kuwa kitupu, usiku, taa zimezimwa. Tahadhari ipo: miale ya lutetiamu ina nguvu ndogo kuliko ile ya mgonjwa, na ishara dhaifu huchelewa kuhesabiwa, hivyo marekebisho yake lazima yaingizwe.

Wapo wanaohofia kwamba hivi tunamwondoa mwanafizikia wa tiba. Mimi naona tunamkomboa kutoka kazi ya kurudiarudia ili asome matokeo. Hofu yangu iko kwingine: mashine inajisawazisha, lakini kumbukumbu za marekebisho zinafungwa na nywila ya mtengenezaji, na hospitali yetu haijui kama saa zimepotoka mpaka mtu aje kutoka ng'ambo. Hilo tusilikubali.

Ninawaomba wanaosaini mikataba ya kununua mashine hizi waandike kifungu kimoja: namba za kila usawazishaji zibaki hospitalini, zisomeke na wataalamu wetu, na mashine ikatae kupima mgonjwa pindi kosa linapovuka kiwango. Nanyi wanafunzi wa Chiola mnaosoma fizikia, someni mkijua kwamba namba hizo zitahitaji msomaji.