Asidi Amino na Kinga ya Mtoto Mchanga

Kinga ya mtoto mchanga hujengwa kwa protini. Kingamwili ni protini, vipokezi vinavyotambua vijidudu ni protini, na seli ya kinga iitwayo seli T, ikiamshwa na maambukizi, hugawanyika mara nyingi kwa muda mfupi. Kazi yote hiyo hutumia asidi amino, vijenzi vya protini. Mtu mzima hutegemea chakula kumpatia aina 9 ambazo mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Mtoto mchanga, na hasa njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati), anahitaji zaidi ya hizo, kwani mwili wake haujakomaa kiasi cha kujitengenezea sisteini na arjinini za kutosha.

Asidi amino hulisha seli, na baadhi yake huiamuru pia. Lusini na arjinini zikiwa tele, protini iitwayo mTOR huiruhusu seli kukua. Zikipungua, seli hujizuia. Glutamini ni chanzo cha nishati cha seli za kinga ziitwazo limfosaiti na cha seli za ukuta wa utumbo. Sisteini hutengeneza glutathioni, ambayo huzikinga seli dhidi ya sumu ambazo seli hizo huzizalisha zenyewe ili kuua bakteria.

Arjinini ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Mwaka 2013, watafiti wa Cincinnati, Marekani, walieleza katika jarida la Nature kwamba miili ya panya wachanga, kama damu ya kitovu cha binadamu, ina wingi wa chembe nyekundu changa za damu zenye alama ya CD71. Chembe hizo hutoa kimeng'enya cha arjinesi, ambacho huivunja arjinini na kuzituliza seli za kinga. Chembe hizo zilipopunguzwa, panya wachanga walistahimili vizuri zaidi bakteria wa Listeria, lakini seli za kinga za utumbo wao ziliamka kupita kiasi bakteria wa kawaida walipoanza kuishi humo. Kwa hiyo upole wa kinga ya mtoto mchanga si udhaifu mtupu: unampa nafasi ya kuwapokea bakteria wenye faida bila kujidhuru, ingawa gharama yake ni hatari kubwa zaidi ya maambukizi.

Hata hivyo, kuongeza asidi amino hakuleti nafuu kila mara. Nchini Kanada, jaribio la njiti 152 lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kuwa nyongeza ya arjinini ilipunguza ugonjwa wa kuoza utumbo. Glutamini haikufua dafu: katika jaribio la Marekani la njiti 1,433, lililochapishwa mwaka 2004, glutamini iliyotiwa kwenye mishipa haikupunguza vifo wala maambukizi ya damu.

Maziwa ya mama huleta glutamati na taurini kwa wingi, pamoja na kingamwili na laktoferini, ambazo hazimo katika dripu za asidi amino. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Wodi za njiti ziwasaidie mama kukamua maziwa tangu siku ya kwanza.