Kiti na Kikombe

Injili ya leo, Dominika ya 29 ya Mwaka B, imetuletea ndugu wawili, Yakobo na Yohane, wakiomba viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Bwana aliwauliza kama wanakiweza kikombe, nao wakajibu upesi kwamba wanakiweza, kama vijana wajibuvyo. Mathayo asimulia kwamba ombi lililetwa na mama yao. Juu ya baba yao hatusikii neno. Tangu walipomwacha ndani ya mashua, Zebedayo amenyamaza.

Leo tutafakari habari za baba ambaye hakunyamaza.

Marekani ina nishani moja iliyo juu ya nishani zake zote za kijeshi, nayo yaitwa Nishani ya Heshima. Imetolewa zaidi ya mara 3,500 tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, lakini jozi za baba na mwana walioipata ni mbili tu: akina MacArthur na akina Roosevelt. Hawa wa pili ndio tutakaowatazama.

Tarehe 1 Julai 1898, katika vita na Wahispania huko Cuba, Theodore Roosevelt, luteni kanali wa kikosi cha askari wa kujitolea, aliwaongoza watu wake kupanda vilima vya San Juan mbele ya risasi. Wakubwa wake walipendekeza apewe nishani. Naye aliitaka, wala hakuificha haja yake. Aliiandikia barua, na rafiki yake Seneta Lodge akaisukuma huko Washington. Hakuipata. Wanahistoria wengi wanaona kwamba kisa kilikuwa barua nyingine. Mapigano yalipotulia, askari walikuwa wakiugua malaria, naye akadai warudishwe nyumbani. Jambo likafika magazetini, Waziri wa Vita akakasirika. Ikiwa ndivyo, basi tendo jema kuliko yote aliyotenda Cuba ndilo lililomnyima nishani. Tungependa kuamini kwamba wazo hilo lilimfariji. Halikumfariji.

Heshima nyingine alizipata tele. Alikuwa Rais tangu 1901 hata 1909, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1906. Ndiye yule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, wakapanda gari moshi kwenda bara kuwinda, na katika safari ile ya Afrika baba na mwana wakaua wanyama zaidi ya 500. Ndivyo alivyowalea wanawe: mwanamume hupimwa hatarini.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, wana wote wanne walikwenda. Theodore mdogo alivuta gesi ya sumu, kisha akapigwa risasi mguuni. Archie aliumizwa vibaya. Quentin, kitindamimba, rubani wa ndege mwenye miaka 20, alitunguliwa nchini Ufaransa tarehe 14 Julai 1918. Baba yao alifariki tarehe 6 Januari 1919, hata miezi sita haijatimia.

Hatumhukumu. Lakini sisi wazazi, na sisi tuitwao baba pasipo kuzaa, twajua jinsi ilivyo rahisi kumtia mtoto kiu ambayo ni yetu. Kijana anasomea udaktari kwa kuwa baba yake aliukosa. Mwingine analetwa seminarini kwa kuwa mama ameota kuitwa mama wa padre. Tumewapokea wa namna hiyo, ndugu zangu, na baadhi yao tumeamka asubuhi tukakuta vitanda vyao vitupu. Hatukuwalaumu wao.

Turudi kwa Theodore mdogo. Mwaka 1944 alikuwa jenerali wa miaka 56, akitembea kwa fimbo, mwenye maradhi ya viungo na moyo mgonjwa aliowaficha waganga. Aliomba ashuke ufukoni Normandy pamoja na askari wa kwanza kabisa. Akakataliwa. Akaomba tena kwa maandishi, akieleza kwamba vijana watatulia wakimwona yupo nao. Na mkuu wake akakubali huku akidhani hatamwona tena. Tarehe 6 Juni mkondo wa bahari uliwatupa mahali pasipo pao, mbali na pale palipopangwa. Yeye akapapima kwa miguu, akaamua waendelee pale pale, kisha kutwa akawa akienda na kurudi na fimbo yake, akiwapokea askari waliofika na kuwaonyesha njia. Siku hiyo hiyo mwanawe, aliyepewa jina la marehemu Quentin, alikuwa akishuka katika ufuko mwingine.

Alikiomba kiti, au kikombe? Nasi tukiwa na baba wa namna ile, je, tungeweza kuvitofautisha? Twaona tu kwamba ombi lake liliwataja vijana. Mtume Yakobo naye, Matendo ya Mitume sura ya 12, hakupata kiti chochote duniani. Alipata upanga wa Herode.

Jenerali alifariki tarehe 12 Julai, si kwa risasi, bali kwa moyo wake. Nishani ilitolewa Septemba, asiione. Ya baba yake ilikuja baada ya ile ya mwana: tarehe 16 Januari 2001 Rais Clinton alimkabidhi kitukuu wake, miaka 82 tangu mwenyewe azikwe.

Huko Normandy, katika makaburi ya Wamarekani zaidi ya 9,000, jina la jenerali limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, kama ilivyo desturi kwa wenye nishani ile. Kando yake yupo Quentin, aliyehamishiwa hapo mwaka 1955. Jina lake halina dhahabu. Tuwaombee wote wawili, na baba yao, pamoja na marehemu wa vita ambao makaburi yao hayana jina lolote.

Tumsifu Yesu Kristo.