Mwalimu wa Mieleka wa Waterloo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walimu na vijana, kabla ya michezo ya Jubilei)



Nimeombwa niseme maneno machache kabla vijana hawajaingia uwanjani. Sitasema juu ya mpira wa miguu, kwani katika jambo hilo kila mtu hapa ni mwalimu. Nitasema juu ya mieleka, na juu ya mtu mmoja aliyeifundisha katika shule moja ya sekondari miaka 27 pasipo kuhama.

Jina lake ni Bob Siddens. Shule yake ilikuwa West High, mjini Waterloo, jimbo la Iowa, inchi ya Marekani. Msidhani kwamba ni mji wa fahari. Ni mji wa viwanda kando ya mto Cedar. Wengi walipata mkate wao kwa kuunda matrekta, na wengine, katika miaka ile, kwa kazi ya kiwanda kikubwa cha nyama. Siddens alianza kazi mwaka 1950, akaiacha mwaka 1977. Ekipe yake ilishinda mara 327, ikashindwa mara 26, ikalingana na wenzao mara 3. Haya, fanyeni hesabu: miaka 27, kushindwa mara 26! Palikuwa na wakati ekipe ile ilishinda mara 88 mfululizo. Ubingwa wa jimbo zima waliutwaa mara 11.

Labda mtauliza ni kwa ginsi gani. Kwanza yafaa kujua mieleka ya shule za kule inavyohesabiwa. Vijana hugawanywa kwa uzito wao, na kila mmoja hupambana na mwenzake wa kilo zile zile. Anayemlaza mwenziwe chali, mabega yote mawili yakibanwa juu ya mkeka, amemaliza mapambano papo hapo, naye huiletea ekipe yake alama nyingi kupita yule aliyeshinda kwa kuongoza tu. Kiisha alama zote hujumlishwa. Basi ushindi wa kijana mdogo kuliko wote una thamani sawasawa na ushindi wa jitu la mwisho. Mwalimu hawezi kujivunia watoto watatu wenye nguvu akawasahau wengine. Lazima amtafute na yule mwembamba anayekaa nyuma darasani.

Nikiwa seminari ndogo, mimi nilikuwa mwembamba wa namna hiyo. Mwalimu wetu wa michezo aliwachagua wakubwa; sisi wadogo tulichota maji na kulinda nguo zao. Sikupata kujua kama ningaliweza kitu. Nawaambia hayo bila uchungu, au kwa uchungu kidogo tu.

Lakini hesabu hiyo ya kilo ina hatari yake, na wazazi waisikie. Kijana hushawishika kujinyima maji na chakula apate kuingia katika uzito wa chini. Mwaka 1997, katika vyuo vikuu vitatu vya Marekani, wanamieleka watatu walikufa katika muda wa majuma machache kwa kujikausha mwili hivyo. Ndipo kanuni zikabadilishwa. Mwalimu akimkataza mtoto maji, hata awe na vikombe kabati nzima, mwondoeni mtoto wenu kwake.

Nirudi Waterloo. Miongoni mwa vijana wa Siddens alikuwako Dan Gable, mtoto wa mji ule ule. Alipotwaa ubingwa wa jimbo mara ya kwanza alikuwa na kilo 43 hivi. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ungemshinda uzito. Mwaka ule ule wa 1964, alipokuwa na miaka 15, dada yake wa miaka 19 aliuawa ndani ya nyumba yao, wazazi na kijana wakiwa safarini kuvua samaki. Wandugu, fikirini nyumba hiyo. Wazazi walitaka kuihama. Kijana akaomba ahamie yeye katika chumba cha marehemu, ili jamaa isikimbie kwake. Wakabaki.

Mwalimu wa michezo hana dawa ya msiba wa namna hiyo. Alicho nacho ni saa ya kila siku, mkeka uliotandikwa, na kazi inayomngojea mtoto. Mimi naona hilo si jambo dogo. Nimeona watoto wafiwa wasio na saa kama hiyo, na mnajua wanakopotelea. Gable alipambana mara 64 akiwa West High, asishindwe hata mara moja, akawa bingwa wa jimbo mara tatu. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye sifa, alimhesabu Siddens kati ya watu waliomlea.

Katika chuo kikuu cha Iowa State aliendelea kushinda, hata jumla ikafika 181, tangu sekondari. Pambano la mwisho kabisa la masomo yake, mwezi wa Machi 1970, huko Evanston, alishindwa na Larry Owings kwa alama 13 kwa 11. Ni mara moja tu, siku ya mwisho, mbele ya umati. Wengine wangaliacha. Yeye alirudi kwenye mazoezi. Mwaka 1971 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 1972, katika Olimpiki ya München, akapata medali ya dhahabu pasipo mpinzani yeyote kumpata hata alama moja.

Watu wengi wanalijua jina la Gable. La Siddens hutajwa mara chache nje ya Iowa. Mwaka 1977 mzee alipoacha mkeka wa West High, mwanafunzi wake alikuwa amekwisha kuongoza msimu wake wa kwanza kama mwalimu mkuu wa mieleka katika chuo kikuu cha Iowa. Aliikaa kazi hiyo hata mwaka 1997, na ekipe zake zikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya inchi nzima mara 15.

Sasa naona mwamuzi amekwisha shika filimbi. Vijana, karibuni uwanjani. Na wadogo waanze.