Hundi Iliyowekwa Bado Si Fedha Iliyolipwa

Mazungumzo ya maafisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya wafanyabiashara wa mpakani Busia

Hatutawachosha. Tumekuja kuzungumza juu ya karatasi moja tu, nayo ni hundi, pamoja na akaunti ambamo hundi hiyo huwekwa.

Tuanze na kisa kilichofika mezani petu. Mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka, upande wa Uganda, alimuuzia mgeni magunia 120 ya maharage. Mgeni alifika Ijumaa alasiri, amevaa nadhifu, na maneno yake yalikuwa ya mtu aliyezoea biashara. Alisema hakubeba fedha taslimu kwa kuwa barabarani kuna wezi, neno ambalo sisi polisi hatukuwa na nguvu ya kulipinga. Akatoa hundi ya shule, akieleza kwamba yeye ndiye mnunuzi wa chakula cha wanafunzi. Wakafuatana na kijana wa yule mama hadi benki, hundi ikawekwa, karani akagonga mhuri kwenye stakabadhi. Muda si mrefu simu ya mama ikaleta ujumbe kwamba kiasi kile kimeingia katika akaunti yake. Magunia yakapakiwa, na kabla ya magharibi lori lilikuwa limekwisha vuka.

Jumatano hundi ilirudishwa. Saini haikulingana na ile iliyo benki. Shule yenyewe ilikuwepo, tena ya heshima, lakini mhasibu wake hakuwa na habari kwamba jani moja la mwisho kabisa lilikuwa limechanwa katika kitabu cha hundi. Benki ikaondoa kiasi chote katika akaunti ya mama na kukata ada ya hundi iliyorudishwa. Kwa kuwa alikuwa amekwisha tumia sehemu ya akiba yake kuwalipa wakulima, alijikuta amepoteza maharage, na akaunti inamdai.

Alipofika kituoni hakuuliza juu ya mwizi. Aliuliza: “Benki iliniambia fedha zimeingia. Ziliingia vipi, na zilitokaje?” Swali hilo ndilo lililotuleta hapa.

Hundi, ndugu zetu, ni barua. Mwenye akaunti anaiandikia benki yake: mlipeni fulani kiasi hiki. Unapoipeleka katika benki yako, benki yako haina uwezo wa kujua kama barua hiyo ni ya kweli. Huiandika katika hesabu yako, kisha huiuliza benki ya mtoaji. Siku hizi hupelekwa picha ya hundi badala ya karatasi yenyewe, na upande wa Kenya mfumo huo umetumika tangu mwaka 2011; kwa hiyo jibu huja mapema kuliko zamani. Hata hivyo linahitaji siku ya kazi, na hundi iliyowekwa Ijumaa alasiri hupumzika pamoja nasi hadi Jumatatu. Katika muda huo akaunti yako huwa na salio la aina mbili: lile linaloonekana na lile unaloweza kulitoa. Ujumbe wa simu aliousoma mama ulikuwa wa salio la kwanza. Mwizi aliijua tofauti hiyo, naye aliichagua Ijumaa kwa makusudi.

Mpaka huurefusha muda huo. Hundi ya benki ya nchi nyingine haipiti njia ile ile ya hundi za ndani, na majibu yake huweza kuchelewa sana. Bidhaa, kwa upande wake, huvuka kwa saa chache. Wahalifu wanaokaa mpakani hawahitaji elimu kubwa. Wanahitaji tu mali itembee kwa kasi kuliko majibu ya benki.

Wapo watakaosema kwamba hundi ni jambo la zamani na kwamba siku hizi watu hulipana kwa simu. Ni kweli matumizi yake yamepungua. Afrika Kusini iliacha kabisa kuzipokea mwishoni mwa mwaka 2020. Lakini kupungua kwa hundi hakukupunguza wizi wake. Nchini Marekani, taarifa za wizi wa hundi ambazo mabenki yalipeleka kwa idara ya hazina zilikuwa zaidi ya 350,000 mwaka 2021, na mwaka uliofuata zikapita 680,000. Huko wezi huchukua bahasha katika masanduku ya posta, wakafuta wino kwa kemikali, wakaandika jina jingine. Hapa kwetu hatuna desturi ya kutuma hundi kwa posta, lakini kufuta wino kunajulikana. Isitoshe, hundi zimebaki mikononi mwa wenye akaunti nono: shule, makanisa na misikiti, vyama vya akiba na mikopo, wakandarasi. Jani moja katika kitabu cha namna hiyo ni mavuno ya msimu mzima.

Majani hayo hupatikanaje? Tusifichane. Katika mafaili tuliyoyashughulikia, mara nyingi mkono wa kwanza ni wa mtu wa nyumbani: mtunza ofisi, mpwa aliyeachiwa ufunguo, karani aliyefukuzwa bila kunyang’anywa alichokishika. Hachani jani la mbele, kwa sababu litaonekana. Huchana la mwisho, au moja la katikati. Kwa hiyo kuhesabu majani ya kitabu chote kila mwisho wa juma ni kazi ya dakika tano inayostahili kufanywa na watu wawili. Vilevile, mwenye kuandika hundi asiache nafasi wazi kabla ya tarakimu wala baada ya maneno, na asitie saini majani matupu eti kwa sababu anasafiri. Saini za watu wawili hazina faida yoyote ikiwa mmoja wao ametia zake kumi mapema.

Kwa anayepokea, viko vipimo vichache. Hundi inayopita kutoka benki moja hadi nyingine ina kikomo: Kenya haifiki shilingi milioni 1 za Kenya, na Uganda haizidi shilingi milioni 10 za Uganda. Malipo makubwa zaidi ya hapo hupitishwa kwa uhamisho wa papo kwa papo kati ya benki, na hata kati ya nchi zetu upo mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaoziunganisha benki kuu. Mtu anayekukabidhi hundi ya benki nyingine yenye kiasi kinachopita kikomo hajui biashara, au anaijua mno. Na akikuandikia kiasi kinachozidi bei kisha akakuomba umrudishie ziada kwa simu leo hii, usirudishe hata senti. Ile ziada ndiyo anayoiwinda.

Sasa tuseme na vijana, maana hapa ndipo penye majuto mengi. Mwenye hundi ya wizi anahitaji akaunti ya kuiwekea, wala hatatumia yake. Humfuata kijana mwenye akaunti safi, amwambie: pokea fedha hizi kwa niaba yangu, zitoe, ubaki na sehemu. Kijana huona ni kibarua cha siku moja. Siku benki inapoanza kutafuta, jina lililo kwenye akaunti ni lake, picha iliyo kwenye kamera ni yake, na yule mwajiri hana jina wala namba inayopatikana. Tumewaona wazazi wamekaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, wakituambia mtoto wao hakuiba chochote. Wakati mwingine tunawaamini. Lakini kuamini kwetu hakuondoi jalada mahakamani.

Juu ya sheria tutasema kwa ufupi. Kutoa hundi huku ukijua akaunti haina fedha ni kosa la jinai Uganda na Kenya. Kwa Kenya, kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kosa hilo la kukosa fedha halihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Baadhi yenu hutuletea hundi za namna hiyo mkitaka mdaiwa alale rumande. Mtuwie radhi: hayo ni madai ya deni, na polisi si wakusanyaji wa madeni.

Liko na jambo la bima ya amana, kwa kuwa mama yule aliuliza pia. Uganda hulinda hadi shilingi milioni 10 kwa kila mwekaji, na Kenya hadi shilingi 500,000. Ulinzi huo ni wa siku benki inapofilisika. Haulipi hundi iliyoghushiwa wala namba ya siri uliyomnong’oneza mtu.

Likikupata, usingoje Jumatatu wala usitafute kwanza mganga. Ipigie benki yako kwa namba iliyo kwenye kadi au kitabu chako, si ile uliyopewa na mnunuzi, kisha njoo kwetu na stakabadhi yenye mhuri, ujumbe wa simu usiofutwa, na namba ya lori kama uliiandika. Iandikeni namba ya lori, tafadhali. Kijana wa mama yule aliiandika kwenye kiganja. Tangu kituo cha huduma pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Februari 2018, sisi na wenzetu wa upande wa pili tumekaribiana, na namba ile ilifika kwao jioni ile ile tuliyoipokea.

Magunia 43 yalipatikana katika ghala moja ng’ambo. Mengine yalikuwa yamekwisha uzwa, na mtuhumiwa mmoja anasubiri kesi. Mama mwenyewe yuko hapa leo, ametukubalia tukisimulie kisa chake bila jina, kisha asubuhi hii akabadili nia: anataka kusimama na kuulizwa yeye kabla yetu. Nasi tunampisha.