Ndege wa Mida, Maji Yakijaa

Ukitaka kuwaona ndege wa hori ya Mida, karibu na Watamu, angalia maji kabla ya saa. Yakitoka, ndege hutawanyika mbali matopeni, hata darubini haifui dafu. Nenda yanapoanza kujaa. Yatawasogeza hadi mikokoni ulipo.

Mtafute mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene. Huzaliana pwani za Oman na Ghuba wakati wa joto kali. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilolichimba mchangani, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kisha huja kwetu na kinda wake. Tazama vizuri: yule mwenye mgongo wa kijivu, anayemfuata mkubwa huku akilia, bado analishwa na mzazi, ingawa amekwisha kuvuka bahari!

Tafadhali msiwakurupushe, wala msiwaachie mbwa. Kila mruko wa hofu huunguza mafuta ya safari, na ifikapo Aprili wapo ndege wadogo wa aina nyingine wanaoruka kutoka hapo hadi Siberia. Anzeni kuwatazama Oktoba, wakisharejea.