Panya na Ufagio Mkavu



Sisi wa maghala ya mizigo tunawajua panya kuliko watu wengi. Penye mahindi yaliyomwagika hapakosi panya. Ghala likifungwa miezi miwili mitatu, siku ya kufunguliwa tunapewa ufagio na kuambiwa, "Safisheni upesi." Tunafagia mpaka vumbi linajaa puani. Leo tunataka kusema juu ya vumbi hilo.

Huko Marekani mwaka 1993, mahali yanapokutana majimbo ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah, vijana wenye nguvu zao walianza kufa kwa kushindwa kupumua. Madaktari walitafuta wakaona ni ugonjwa wa hantavirusi, ambao hukaa katika mkojo, mavi na mate ya panya mdogo wa porini. Panya mwenyewe haugui. Uchafu wake ukitimuliwa kwa ufagio, mtu huvuta ugonjwa pamoja na vumbi, wala si lazima aumwe na panya. Baada ya wiki moja hadi nane huja homa, uchovu na maumivu ya mapaja na mgongo, kama malaria tu. Kisha kikohozi, na pumzi hukatika. Karibu wanne katika kila wagonjwa kumi hufa, na dawa ya kuuponya haijapatikana.

Mwaka 2012 watu 10 waliotembelea mbuga ya Yosemite, Marekani, waliugua, na 3 wakafa. Wengi wao walikuwa wamelala katika vibanda vyenye kuta mbili, na panya wamezaana katikati ya kuta. Tulalao katika vibanda vya njiani tuchungulie nyuma ya mbao zetu.

Wako watakaosema, hayo ni ya Marekani, panya wetu ni wengine. Kweli ni wengine, lakini nao wana yao. Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, ulishikwa na tauni mwaka 1902, na bazaa ya Wahindi ikachomwa moto. Tauni huletwa na viroboto vya panya. Mkojo wa panya nao huleta leptospirosisi, iingiayo kwa kidonda au kwa maji machafu. Njia ni mbalimbali, lakini usafi wa ghala ni ule ule.

Basi tufanye hivi. Tufungue milango na madirisha, tukae nje nusu saa. Tuvae glavu za mpira. Tuchanganye dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, tumwagie mavi na viota mpaka vilowe kabisa, tungoje dakika tano, ndipo tuokote kwa matambara na kupiga deki. Panya aliyekufa naye alowanishwe kwanza. Tuoshe glavu kabla ya kuzivua, kisha mikono kwa sabuni. Tundu la kupita kalamu ya risasi latosha panya mdogo, lizibwe. Chakula chetu kikae katika mkebe wenye kifuniko.

Msimamizi atasema nusu saa ni hasara. Ajibiwe kwa heshima kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kukinga, na glavu zimo. Asiyepewa amwambie mjumbe wa chama siku hiyo hiyo, ataje ghala na tarehe, kabla hajashika ufagio.